Draiva ya printa si dereva wa matatu

Juzi kijana anayenitengenezea kompyuta hapa Milimani, Nakuru, aliniambia: "Prof, printa iko sawa, draiva ndiyo haiko." Nilimwelewa papo hapo. Wiki hiyo hiyo jirani yangu, anayeandika tasnifu, alifuata maelekezo ya Kiswahili yaliyomtaka "aondoe kiendeshi cha zamani". Akafuta diski, na sura mbili zikaenda nayo.

Hakukosea yeye. Neno 'kiendeshi' limetwikwa mizigo miwili: wengine huita hivyo kifaa kinachosoma diski, wengine programu inayokiwezesha kiini cha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Kiini chenyewe, sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na zamu za prosesa, hakiijui printa yako. Kinatoa amri tu. Programu hiyo ndiyo inayoigeuza amri iwe ishara ambazo printa ile, ya kampuni ile, inazielewa.

Tuiite nini basi? 'Dereva' haifai. Hiyo ni ngeli ya A-WA. Ukisema "dereva amepotea" watu watakimbilia stendi ya matatu. Mafundi wa mtaani wamelikopa neno lile lile la Kiingereza mara ya pili, wakaliweka katika I-ZI: draiva imeharibika, draiva zimeharibika. Mimi nimezeeka nikitetea maneno yanayoundwa kwa mizizi yetu, na 'kiendeshaji' lingenipendeza zaidi, lakini limekaribiana mno na 'kiendeshi'. Kwa hili nimewaachia mafundi ushindi.

Neno jingine linalotupotosha ni 'kubebeka'. Linus Torvalds alipotangaza kiini cha Linux mwaka wa 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, Ufini, alikiandikia prosesa ya Intel 386 na akakiri kwamba hakingeweza kutumika kwenye mashine za aina nyingine. Kufikia 1995 kilikuwa kinafanya kazi kwenye prosesa za Alpha, na leo kimo ndani ya kila simu ya Android. Hakikubebwa kama mkoba. Sehemu inayogusa prosesa moja kwa moja iliandikwa upya, na sehemu kubwa iliyobaki ikatumika kwote. Kwa hiyo nasema 'kuhamishika': hama, hamisha, hamishika. Anayehama hubadili mazoea kidogo, sivyo?

Kisha kuna 'usanidi'. Kabla ya kukijenga kiini, mjenzi huulizwa kuhusu karibu kila draiva: iwe ndani ya kiini, iwe moduli ya kupakiwa inapohitajika, au isiwepo? Akijaza zote ndani, kiini kinanenepa bure. Akiisahau ile ya diski yenye mfumo wenyewe, mashine haitawaka hadi mwisho.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishughulikia maneno ya aina hii kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, lakini hiyo ni programu ya ofisini, ambako neno likiyumba mtu hubofya penginepo. Katika maelekezo ya draiva, neno likiyumba diski inafutika.

Fundi ameokoa sura moja ya jirani. Ya pili anaiandika upya.