Tujenge Darasa Dogo Kabla ya Kubwa

Kila tofali tunalofyatua linakula maji, kuni na nguvu za mtu. Lakini mara nyingine ukuta unafika dirishani, matofali yamekwisha! Leo tueleze njia ya kujua hesabu mapema. Njia hiyo ni kujenga mfano mdogo wa jengo la kweli.

Msiseme huu ni mchezo wa watoto. Huko Denmark, mjini Billund, ipo bustani iitwayo Legoland, iliyofunguliwa mwaka 1968. Humo majengo ya kweli yamejengwa upya kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea. Mengi ni ya kipimo cha 1 kwa 20. Maana yake, ukuta wa mita 20 pale una mita 1 tu.

Sisi udongo wa kichuguu unatutosha. Tutumie kipimo cha 1 kwa 10, hesabu yake ni nyepesi: kila mita 1 inakuwa sentimita 10.

Haya, nendeni kwenye darasa lililokwisha kujengwa, mlipime kwa futi kamba. Tuseme ukuta mmoja una urefu wa mita 9 na kimo cha mita 3. Mfano wake utakuwa sentimita 90 kwa 30. Tofali la sentimita 30, upana 15 na kimo 15, litakuwa kitofali cha sentimita 3, upana 1.5 na kimo 1.5. Anikeni vitofali kivulini visipasuke. Mlango nao upunguzwe mara 10. Ukipunguza ukuta mara 10 na mlango mara 5, umejenga kichekesho.

Sasa pangeni. Mstari mmoja unachukua vitofali 30. Mistari ni 20, basi jumla ni 600. Mlango wa upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 210 unaondoa 42. Vinabaki 558. Ukuta wa kweli nao unataka matofali 558, kabla ya kutoa madirisha na nafasi ya udongo wa kuunganishia.

Lakini hapa wengi hupotea. Wanaona udongo wa mfano ni kidogo, wanadhani wa darasa ni mara 10 yake. Sivyo! Urefu umepungua mara 10, upana mara 10, kimo mara 10. Udongo wa tofali moja kubwa unatoa vitofali 1,000. Kwa hiyo ndoo moja ya mfano ni ndoo 1,000 za darasa.

Mlango ukikaa vibaya kwenye mfano, hamisheni, hamna hasara. Ila nguvu ya ukuta msiipime hapo. Ukuta mdogo husimama hata juu ya meza, ule mkubwa unataka msingi. Kina cha msingi muulizeni fundi mwashi, naye auone kwanza udongo wa kiwanja chenyewe.