Je, Wajua? Mwili wa Binadamu Ndani ya Kompyuta

Mkanda wa gari huokoa maisha, lakini ajali ikiwa kubwa huweza pia kuvunja mbavu na kuumiza tumbo. Wahandisi huyachunguza majeraha hayo kwa mwili uliojengwa kwenye kompyuta. Je, wajua kwamba:

• Mkanda unaopita kifuani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin wa Volvo, nchini Uswidi? Awali alikuwa akiunda viti vya kumrusha rubani nje ya ndege.

• Hybrid III, sanamu ya majaribio ya ajali iliyotolewa na General Motors mwaka 1976, haina ini, bandama wala utumbo? Hupima kifua kimebonyea kiasi gani; kilichopasuka ndani haikionyeshi.

• Toyota ilizindua mwili wa kompyuta uitwao THUMS mwaka 2000? Matoleo ya baadaye yana ubongo na viungo vya ndani, na tangu 2021 hutolewa bure.

• Mwili wa kompyuta, yaani modeli, hauaminiwi mpaka ufanyiwe mtihani? Katika miaka ya 1970, watafiti wa Marekani waligonga vifua vya maiti zilizotolewa kwa ajili ya sayansi kwa chuma cha kilo 23.4. Kwa kuwa watu hawafanani, matokeo yalichorwa kama ukanda wenye mpaka wa juu na wa chini. Modeli hugongwa vivyo hivyo, na mchoro wake sharti upite kati ya mipaka hiyo.

• Kufaulu mtihani huo hakutoshi? Chuma hugonga katikati ya kifua, ilhali mkanda hukikaza kwa mshazari, kutoka bega hadi nyonga. Modeli hupimwa upya kwa mkanda wenyewe.

• Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa uwezekano wa dereva mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya ulizidi wa mwanamume kwa asilimia 47? Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, kikaunda VIVA, modeli ya mwanamke wa wastani.

• Mkanda wa kiunoni ukiteleza hadi tumboni huweza kupasua utumbo? Ukaze chini, ulalie mifupa ya nyonga. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo. Wa kifuani upite begani, kamwe usiupitishe chini ya kwapa.

Waliotoa miili yao wametuachia elimu hii. Tuwaheshimu kwa kufunga mkanda sawasawa, kila safari.