Muuguzi Mpya katika Huduma ya Mkoba: Mambo ya Kutarajia

Wodini, wagonjwa humfuata muuguzi. Katika huduma ya mkoba, muuguzi ndiye huwafuata wananchi. Huondoka alfajiri kwa pikipiki au gari la halmashauri, akiwa na chanjo, mizani na madaftari, na kliniki yake ya siku hiyo huwa darasa la shule, ofisi ya kijiji au kivuli cha mwembe. Anayeianza kazi hii kwa mara ya kwanza hana budi kujiandaa kwa mambo yasiyoonekana sana hospitalini.

La kwanza ni ubaridi wa chanjo. Chanjo za watoto zinazobebwa kwenda vijijini hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto, wakasahau kwamba barafu nayo huharibu. Chanjo ya penta, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na maradhi ya Hib, hupoteza nguvu ikiganda. Kwa sababu hiyo pakiti za barafu hazipangwi katika kibebeo mara zitokapo kwenye friza. Huachwa nje kwanza mpaka maji yasikike yakicheza ndani zinapotikiswa. Kabla ya kutumia kichupa, muuguzi hutazama alama yake ya joto: mraba wa ndani ukifanana rangi na duara la nje, au ukiwa na weusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki tena.

La pili ni upweke. Hakuna daktari chumba cha pili. Mtoto akipatwa na mzio mkali baada ya sindano, adrenalini hudungwa mara moja kwenye msuli wa paja, kisha rufaa hufuata. Hivyo adrenalini haikosekani mkobani, watoto husubirishwa walau dakika 15 baada ya chanjo, na muuguzi hujua mapema zahanati iliyo karibu na mwenye gari kijijini.

La tatu ni uamuzi, nalo ndilo gumu. Tuseme shughuli inakaribia kwisha, na anafika mama aliyetembea tangu asubuhi, mgongoni kambeba mtoto wa miezi 9 anayehitaji chanjo ya surua na rubela. Kichupa kina dozi 10. Kikishachanganywa, kilichobaki hutupwa shughuli ikiisha au saa 6 zikipita, kutegemea lipi litatangulia. Muuguzi mgeni huhesabu dozi 9 zitakazopotea, akamwambia mama arudi mwezi ujao.

Hesabu hiyo ina kasoro. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Surua huambukiza upesi mno, na mtoto asiyekingwa anaweza kuipata kabla ya mwezi huo kufika. Isitoshe, mama aliyerudishwa mikono mitupu huenda asirudi tena, na majirani zake watasikia. Dozi zilizotupwa huandikwa katika taarifa na kuagizwa nyingine. Imani ya mama haiagizwi bohari.

Wazazi nao wana sehemu yao. Waje na kadi ya mtoto kila mara, waseme kama aliwahi kudhurika baada ya chanjo, na wasiondoke kabla ya muda wa kusubiri kwisha. Homa ndogo au uvimbe kidogo mahali pa sindano ni jambo la kawaida; mtoto anayepumua kwa shida, anayepatwa na degedege au asiyeweza kunyonya apelekwe kituoni bila kuchelewa.

Jioni, sindano zilizotumika huwa zimetiwa bila kufunikwa tena katika sanduku gumu lisilojazwa kupita robo tatu. Linabaki daftari. Majina ya watoto ambao hawakufika hukabidhiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafuatilie nyumbani, maana kwa muuguzi wa mkoba, asiyeonekana kliniki bado ni mgonjwa wake.