Kukamata Mali ya Mdaiwa Kabla ya Hukumu



Mara kwa mara hufika vituoni mwetu mfanyabiashara aliyejaa hofu. Ameuza mahindi kwa mkopo, mnunuzi hajalipa, na sasa amesikia kuwa magunia yanapakiwa kwenye lori kuelekea ng'ambo. Hutusihi tulizuie lori hilo. Kwa neno lake pekee hatuwezi. Deni ni shauri la madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Hata hivyo, sheria haikumwacha bila njia.

Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za Uganda, katika Amri ya 40, zinairuhusu mahakama kukamata mali ya mdaiwa kabla ya hukumu. Ni lazima kesi iwe imekwisha kufunguliwa. Madai yasiyozidi shilingi milioni 20 yanaweza kupelekwa kwa Hakimu wa Daraja la Kwanza. Yakizidi hapo, hadi milioni 50, ni ya Hakimu Mkuu.

Kisha mdai huwasilisha maombi yakiambatana na hati ya kiapo, na hapa ndipo penye uzito. Haitoshi kusema kwamba deni ni kubwa au kwamba mdaiwa ni maskini. Mahakama sharti iridhike kwamba mdaiwa yuko mbioni kuuza mali yake au kuiondoa katika eneo la mamlaka yake, na kwamba anafanya hivyo kwa nia ya kukwamisha utekelezaji wa hukumu itakayotolewa. Mchuuzi wa ng'ombe anayeuza mnadani kila wiki, kama alivyozoea, hajatoroka. Kwa hiyo kiapo kieleze mambo yenyewe: nani aliona, lini, mali gani, inapelekwa wapi. Mali inayoombwa kukamatwa itajwe pamoja na thamani yake ya makadirio.

Mdaiwa naye hupewa nafasi. Mahakama humtaka aweke dhamana au afike kueleza kwa nini asiiweke, na inaweza kuamuru mali ishikiliwe kwa muda wakati huo. Akiweka dhamana, au kesi ikitupwa, mali huachiliwa. Ikiwa ng'ombe waliokamatwa ni wa ndugu yake, mwenye mali anaweza kuwadai mahakamani. Na mdai aliyeomba amri bila sababu za kutosha anaweza kuamriwa kumlipa fidia mdaiwa.

Wakazi wa mpakani wazingatie muda. Dalali wa mahakama wa Uganda hana mamlaka ng'ambo. Mzigo ukishavuka, mdai atalazimika kuanza upya mbele ya mahakama za Kenya, ambako jambo hili limo katika Amri ya 39 ya kanuni zao. Afadhali kumwona wakili leo kuliko kulifukuza lori kesho.

Anayevunja ghala la mdaiwa usiku au kumpokonya bodaboda kwa nguvu anaweza kusimama kizimbani yeye mwenyewe, hata kama deni ni la kweli.

Sisi polisi kazi yetu ni kulinda amani amri inapotekelezwa. Dalali akifika kwako, muombe leseni yake pamoja na amri yenye muhuri wa mahakama, uisome au usomewe, na ulinganishe mali iliyotajwa na ile inayochukuliwa. Ukiwa na shaka, fika kituo kilicho karibu kabla mali haijaondoka.