Hesabu ya Kuhamia Nairobi

Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana jambo lililoonekana jema: waajiri waongeze ajira, wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mishahara. Nafasi zikaongezeka kweli. Lakini watu wa mashambani waliposikia habari hizo, nao wakamiminika mjini kutafuta kazi.

Kitendawili cha namna hiyo ndicho walichokishughulikia John Harris na Michael Todaro, wanauchumi wa Marekani waliowahi kufanya utafiti Nairobi. Modeli waliyoichapisha mwaka 1970 inampa mhamaji heshima anayostahili: si mjinga, anapiga hesabu. Mshahara wa mjini anauzidisha kwanza kwa uwezekano wa kuupata, kisha ndipo anaulinganisha na pato la shamba.

Tuseme shambani mtu anapata shilingi 100 kwa siku, na mjini mwenye kazi analipwa 300. Ikiwa mjini mmoja kati ya wawili ameajiriwa, tegemeo la mhamaji, yaani 300 mara nusu, ni 150, basi atahama. Wengine watamfuata, na kadiri wanavyofika uwezekano unapungua, hadi mwenye kazi awe mmoja kati ya watatu. Hapo tegemeo ni 100, sawa na shamba, na uhamaji unatulia. Sasa zifunguliwe ajira 100 mpya, mishahara ikiwa ileile: watavutwa watu 300, na 200 kati yao watakosa kazi. Pato la shamba likipanda hadi 150, kinyume chake, mji utatulia nusu ya nguvukazi yake ikiwa na ajira.

Matokeo hayo yanashtua, na yalistahili kushtua wapangaji wa miji.

Hata hivyo modeli iliwagawa watu wa mjini mafungu mawili tu, wenye ajira na wasio nayo. Fundi wa jua kali na mama mboga hawakuwamo. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulieleza mwaka 1972 kwamba Wakenya wengi wa namna hiyo walikuwa wakifanya kazi kwa bidii, ila kwa kipato duni. Mlinganyo haukumwona pia mjomba anayempa mgeni mahali pa kulala, na bila mjomba huyo nani angeweza kungoja kazi miezi kadhaa?

Kitu kingine ambacho mlinganyo haukukiona ni safari za kwenda na kurudi, na leo simu za mkononi zinasaidia kuziona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichambua, bila majina, mienendo ya simu za Wakenya karibu milioni 15, ukaioanisha na ramani ya malaria. Ulionyesha jinsi wasafiri wanavyobeba vimelea kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi, hata katika ziara fupi ambazo sensa ya kila miaka kumi haizinasi.