Fahamu: Fedha zinazodaiwa kutumwa kwa makosa
Tangu mwaka 2009, MTN ilipoanzisha huduma ya fedha za simu nchini Uganda, wafanyabiashara wa Arua na Koboko, ambao bidhaa zao huvuka mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, wamezoea kulipana pasipo kuonana. Na hapo ndipo mlaghai apatapo mwanya. Hukutumia ujumbe wa kughushi kwamba umepokea fedha, kisha hupiga simu akilia (na aghalabu hulia vizuri kuliko mfiwa) kuwa amekosea nambari, akikusihi umrejeshee. Usihadaike: kwanza tazama salio lako kwa *165#, au *185# kwa Airtel, wala usimtajie yeyote nambari yako ya siri, hata akidai ni karani wa kampuni. Ikiwa fedha zimeingia kweli, mwambie aende akaiombe kampuni izirudishe.