Mtoto Anayechora Herufi Hapotezi Muda

Mwezi huu tunazungumzia usanifu wa michoro, ile kazi ambayo vijana wanaiita "mambo ya grafiki". Tunajua wazazi wengi mnafurahi mtoto akisema anataka kuwa nesi au mwalimu. Akisema anataka kuchora, mnauliza: je, kuchora kutaleta unga nyumbani? Ni swali la haki, na hebu tulijibu pamoja.

Kwanza tujue ni kazi gani. Tazama karatasi ya sabuni, picha ya chanjo pale zahanati, kadi ya harusi, kibao cha kinyozi, kitabu cha mtoto wa darasa la 3. Kwa kila kimoja kuna mtu alikaa akapanga herufi, picha na rangi ili mwingine aelewe haraka. Kazi hiyo si mapambo tu. Tangazo la maji likiandikwa "8:00" peke yake, mama mmoja anaelewa asubuhi, mwingine anaelewa saa 8 mchana. Huyo wa pili anafika na madumu yake, bomba limeshafungwa. Msanifu mzuri angeandika "saa 2 asubuhi" na kuchora jua linalochomoza.

Kazi hii si ngeni kwetu. Chéri Samba, aliyezaliwa Kongo mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akaanza kwa kuandika vibao vya maduka. Mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Baadaye picha zake, zenye maandishi ndani yake, zilifika kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kumbe kibao cha duka kinaweza kuwa mlango!

Mfano mwingine ni wa mkimbizi mwenzetu. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilishiriki Olimpiki mjini Rio de Janeiro, wanamichezo 10, wakiwemo Wakongo 2 wa judo. Yara Said, msanii kutoka Syria, aliibunia bendera ya rangi ya chungwa yenye mstari mmoja mweusi. Ni rangi za jaketi la kuokolea watu majini. Timu iliingia uwanjani na bendera ya Olimpiki, lakini ile ya Yara ilijulikana mbali. Rangi 2 tu, hakuna hata neno moja, na watu walielewa.

Sasa, kijana ajiandae vipi? Tunawaomba wazazi msikimbilie kulipa ada ya kozi ya kompyuta. Kompyuta ni kama cherehani: inashona, lakini haikufundishi kukata kitambaa. Anzeni na daftari, penseli na rula.

Herufi: aandike neno MAJI kwa herufi kubwa, kisha arudi nyuma hatua 10 alisome. Herufi zikibanana au zikiachana sana, arudie.

Jicho: akusanye karatasi za biskuti na sabuni. Kwa kila moja ajiulize: nimeona nini kwanza, na kwa nini?

Rangi: simu huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino. Ndiyo maana kadi inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia kwenye karatasi. Ajaribu nakala moja kabla ya kuchapa 100.

Programu: akipata kompyuta, GIMP ni ya picha, Inkscape ni ya nembo, Scribus ni ya kupanga kurasa. Zote ni za bure na halali, na zikishawekwa hazihitaji intaneti. Nembo iliyochorwa kwa mistari ya Inkscape haiharibiki hata ikikuzwa kutoka kadi mpaka kibao.

Wengine watasema, eti siku hizi akili bandia inachora kila kitu. Ni kweli inachora haraka. Lakini haijui bibi yako hasomi, wala haijui nani hapa anasoma Kiswahili, nani Kirundi, nani Kifaransa. Kijana anayejua lugha hizo na watu wake ana kitu cha kuuza.

Turudi kwenye unga. Tuseme ukweli: hapa kambini kazi zinakuja kwa msimu, yaani kadi za harusi, vibao, vyeti vya shule, ratiba za ibada. Hazitoshi kuacha shule. Hesabu zinahitajika kwenye vipimo, na lugha zinahitajika kwenye maandishi. Kazi ikija, bei ikubaliwe mwanzoni na iandikwe, sehemu ya malipo itangulie, na isemwe marekebisho ni mara ngapi. Binti naye apewe nafasi na muda, si kaka yake peke yake.

Tena, kila kazi nzuri ipigwe picha na kuhifadhiwe, pamoja na maneno machache: nani aliiomba, na ilitatua shida gani. Nakala moja iwe kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe. Sisi ni watu wa kuhama. Nyumba tunaiacha, vyombo vinabaki, lakini kazi 10 nzuri kwenye barua pepe zitamfuata kijana popote atakapokwenda, na mwenye kazi akiziona atajua huyu anaweza nini.

Basi, mwezi huu fanyeni hivi nyumbani. Mpeni mtoto karatasi moja atengeneze tangazo la maji la mtaa wenu. Akimaliza, ampelekee bibi au jirani asiyejua kusoma vizuri, bila kumweleza kitu. Akielewa ni siku gani na saa ngapi, mtoto amefaulu. Asipoelewa, mtoto asikate tamaa. Geuzeni karatasi, aanze upya upande wa pili.